Chai ya Mheshimiwa

Ninaikumbuka siku ya chai kuliko ninavyoikumbuka siku ya mazishi. Watu hudhani mjane hukumbuka kaburi, mwanangu, lakini kaburini nilizungukwa na wanawake walionishika mikono, nikaona migongo yao tu. Siku ya chai niliiona yote, kwa sababu mimi ndiye niliyeipika.

Keti. Najua una haraka ya kurudi mjini, na najua kiti hicho kimeanza kukufinya tangu ulipopata mshahara. Keti hivyo hivyo. Jana ulipokuwa jikoni kwangu ukiongea na simu ulidhani sisikii kwa sababu redio ilikuwa juu. Nimezeeka magoti, sio masikio. Nilikusikia, na ndiyo maana asubuhi hii nimekuzuia usiondoke kabla hatujaongea.

Wewe ni mtoto wa binti yangu Njeri, lakini aliyekulea ni mimi, kwa hiyo nitakuita mwanangu. Siku nyingine nakuita mume wangu, nawe unanuna mbele ya rafiki zako. Nifanyeje? Ulipewa jina la babu yako, na kwetu Gitau ni Gitau. Leo ni huyo Gitau wa kwanza ninayetaka kukusimulia. Umezoea kuambiwa kwamba alikufa kwa ajali shambani. Hiyo ni hadithi tuliyowapa ninyi watoto. Sasa umeajiriwa na idara ya serikali ya kukuza sayansi na teknolojia, na hadithi ya watoto haikutoshi tena.

Wakati huo hapa Gatongora hapakuwa na maghorofa ya kupangisha. Kulikuwa na kahawa, majani ya nepia ya kulishia na ng'ombe wa maziwa. Barabara ya kwenda Thika ilikuwa nyembamba, na pale Kamakis ambapo siku hizi mnajazana kula nyama choma, ungepita bila kujua umepita mahali. Tulikuwa na ng'ombe wa gredi, wale wa kizungu wenye maziwa mengi, na babu yako aliwapenda hata nikawa namuuliza kama anataka niwatandikie kitanda. Alikuwa mtu wa kucheka. Alikuwa akisimulia jambo, kabla hajafika mwisho ameshacheka yeye mwenyewe, nasi tunacheka bila kujua tunacheka nini.

Basi wakaja watu wa idara. Sio hiyo yako. Majina ya idara hubadilika kila serikali ikibadilika. Lakini kazi yao ilikuwa kama yako, kuleta sayansi mahali ambapo watu wanaihitaji na hawajui pa kuitafuta. Na usidhani nawadharau. Nilikuwa nabeba kuni kwa mgongo kutoka ng'ambo ya mto, na mgongo huu uliopinda ulianza kupinda wakati huo. Afisa wao, kijana nadhifu wa miwani, aliponiambia kwamba mavi ya ng'ombe wangu yanaweza kupika githeri, nilimcheka. Aliponieleza vile, nikaacha kucheka. Unachanganya mavi na maji, unayamwaga katika tangi lililochimbwa chini ya ardhi na kufunikwa, ndani yake gesi inajitengeneza, na bomba linaileta hadi jikoni. Unawasha kiberiti tu. Siku hiyo nilifurahi kama msichana aliyeposwa.

Walichagua boma letu liwe la mfano kwa sababu lilikuwa karibu na barabara na gari la mkubwa lingeweza kuingia. Wakachimba, wakajenga, wakafunika. Tukaanza kulisha tangi kila asubuhi. Tukangoja. Moto ulipokuja ulikuwa mdogo kama punje ya harage, wa bluu, unatetemeka kidogo kisha unazimika. Afisa akasema tuvumilie, utapata nguvu. Tulivumilia. Haukupata. Na tarehe ya Mheshimiwa kuja kufungua mtambo ilikuwa imeshatangazwa kanisani.

Siku hiyo, mwanangu, boma lilijaa. Hema, viti vya kukodi, kwaya ya shule, akina mama na leso zao nzuri. Afisa alinifunga aproni mpya akanipa birika jipya, akaniambia, "Mama, wewe usiogope. Washa tu." Nilijua moto wetu, nilijua utaniaibisha. Nikawasha kiberiti, nikafungua, na moto ukaruka juu ukinguruma hadi nikarudi nyuma. Watu wakapiga kelele. Chai ilichemka kabla kwaya haijamaliza wimbo.

Mheshimiwa akaionja, akainua kikombe juu. "Wananchi, mmeona? Hii chai imepikwa na ng'ombe! Na bado mnakata miti?" Watu wakacheka, wakapiga makofi. Mpiga picha akatupiga picha, mimi na birika, Mheshimiwa na kikombe. Jirani yetu Baba Kariuki alinishika mkono akasema, "Mama Njeri, haki mimi nauza mtamba wangu. Mwezi huu nachimba yangu." Nilikuwa nalia kwa furaha. Katika umati ule mtu mmoja tu hakupiga makofi. Babu yako alisimama nyuma ya hema akiwa ameshika kofia yake mkononi. Nilifikiri ameona haya kwa sababu ya wageni wengi.

Jioni, wageni walipoondoka, nilirudi kupika chai ya nyumbani. Moto ulikuwa ule ule wa harage. Nikiwa bado nashangaa, pikapu ya ofisi ikarudi. Dereva na mwenzake wakaenda nyuma ya ukuta wa jikoni, wakafukua rundo la nepia, wakatoa mtungi wa chuma wa kijivu na mpira wake. Leo hata mtoto angeujua. Enzi hizo mitungi ya gesi ilikuwa ya mahoteli na ya wazungu wa mashamba makubwa. Mimi sikuwa nimeona hata mmoja. Nikawauliza ni nini. "Ni kifaa cha ofisi, Mama," wakasema, wakaenda zao.

Nikamwendea babu yako alikokuwa anakamua.

"Baba Njeri, hicho wametoa nyuma ya jikoni ni nini?"

Hakugeuka. "Ni gesi ya duka."

"Na yetu?"

"Yetu itakuja. Walisema ni ya siku moja tu, ndio Mheshimiwa asiaibike. Sasa ningefanya nini? Watu wako ndani ya boma yangu, wamekuja na hema yao, na kwaya. Niwafukuze?"

Unaona vile ilivyokuwa? Hakulipwa chochote. Hakupenda uwongo. Ilikuwa adabu tu. Mgeni akiwa kwako humwaibishi, na mgeni akileta mgeni mkubwa zaidi, ndiyo kabisa. Ile adabu tuliyolelewa nayo, ambayo mimi mwenyewe nimekulea nayo wewe, ndiyo waliyoificha pamoja na mtungi nyuma ya ukuta wangu.

Baada ya hapo boma letu likawa mahali pa kutembelewa. Kila Jumapili baada ya kanisa watu walikuja kuona moto. Babu yako aliwaambia gesi ya leo tumeimaliza kwa kupika chakula cha mchana. Jumapili nyingine akasema bomba linasafishwa. Wakarudi nyumbani wakiwa na imani, kwa sababu walikuwa wameona kwa macho yao. Baba Kariuki aliuza mtamba kweli, akachimba. Na mimi nikawa naamka kabla ya mapambazuko ili nipike kwa kuni moshi uishe kabla majirani hawajatoka nje. Hebu fikiria. Mwanamke mwenye mtambo wa mfano, anaficha moshi wake.

Nilichukia maisha hayo. Lakini kilichoniumiza ni kumwona mume wangu akiacha kucheka. Alikuwa akikaa juu ya kile kifuniko cha tangi kwa muda mrefu, anagonga kwa fimbo, anasikiliza. Nikimwita kula anasema anakuja, hakuji. Alikuwa anatafuta namna ya kuufanya uwongo ule uwe kweli kabla mtu hajaugundua.

Siku moja nikachoka. Nilivaa nguo ya kanisani nikamwambia naenda Thika, ofisini kwao.

Akanishika mkono. "Usiende, Mama Njeri. Ukiwaambia, itafika kwa Baba Kariuki. Atasema nilimdanganya akauza ng'ombe wake. Ngoja kidogo, mimi nitaitengeneza."

"Umengoja vya kutosha," nikamwambia. "Leo nawaleta hapa waone kwa macho yao."

Ndiyo maneno ya mwisho niliyomwambia. Ningekuwa najua, ningeyasema kwa upole zaidi. Lakini ningeenda tu.

Ofisi ilikuwa orofani, juu ya duka la misumari na mabati, upande ule wa Thika ambako upepo huleta harufu ya viwanda. Yule afisa wa miwani alinipokea vizuri, akaniagizia soda. Ukutani nyuma ya meza yake nikajiona mwenyewe, mimi na birika langu na ule moto mkubwa, na Mheshimiwa anacheka. Nikamweleza. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaelekeza kalamu kwenye picha.

"Mama, mtambo wako unafanya kazi. Si huyo ni wewe?"

"Afisa, wewe na mimi tunajua hiyo ilikuwa gesi gani."

Akashusha sauti. "Sikia, Mama. Kazi yetu sisi ni kukuza. Tukishaonyesha watu, tunasonga mbele, tuna sehemu zingine zinangoja. Hiyo kazi ingine ya kurekebisha ni ya mwenye mtambo. Lakini nitajaribu kupita wiki ijayo."

"Njoo leo. Nimemwambia mzee nakuja na wewe."

"Wiki ijayo, Mama. Maliza soda."

Nilirudi nyumbani peke yangu, nimekasirika hata nikasahau kununua viatu vya mama yako. Nilipofika karibu na lango niliona watu. Mama Kariuki alikuwa amembeba Njeri, na Njeri alikuwa mkubwa wa kutobebwa. Hapo nikajua.

Babu yako alikuwa amefungua kifuniko. Alitaka tukifika, mimi na afisa, tukute moto unawaka, na aibu iwe imeisha. Alichukua uma wa kuchota mavi, akashuka kutafuta mahali palipoziba. Hakupiga hata kelele. Njeri ndiye aliyeona kofia ya baba yake juu, pembeni ya shimo, akamwita, hakuitika. Baba Kariuki alijifunga kamba kiunoni na kitambaa puani akaingia. Wakamvuta juu amezimia. Waliomtoa babu yako walitumia kulabu na kamba, na ilichukua muda. Nilimkuta amelazwa juu ya magunia. Mikono yake ilikuwa na mavi hadi viwikoni. Nilimwosha mimi. Walitaka kunizuia, nikakataa.

Tulipokwisha kumzika, idara ilituma mtu kutoka makao makuu Nairobi. Alikuwa mwanamke mdogo kwa umri kuliko mimi, anaitwa Madam Wavinya, na alikuja amevaa gambuti za mpira. Nilikuwa nimepanga kumtukana. Lakini hakuanza na shimo, wala hakuanza na pole za mdomoni. Aliniambia, "Mama, hebu nionyeshe vile unaosha hapa kwa ng'ombe asubuhi. Fanya tu vile hufanya kila siku."

Nikamwonyesha. Nikasukuma mavi kwenye mfereji, nikachukua ndoo ya maji, nikatia dawa, nikasugua sakafu yote ikatoka safi, na maji yakafuata mavi hadi kwenye tangi. Ile dawa tulikuwa tumefundishwa na watu wengine wa serikali, wa maziwa. Walitufundisha vizuri. Tangu nianze kuitumia, kiwanda cha dairi hakikurudisha maziwa yangu tena, nami nilijivunia sakafu yangu.

Madam Wavinya alifudikiza ndoo yangu tupu akaikalia.

"Hiyo dawa hufanya nini, Mama?"

"Huua vijidudu."

"Mama," akasema, "gesi hutengenezwa na vijidudu."

Ndivyo nilivyojua. Watu wa maziwa walinipa somo lao, watu wa gesi wakanipa lao, na mahali pekee ambapo masomo hayo mawili yalikutana ni kwenye mfereji wangu. Hakuna aliyesimama pale asubuhi akatazama. Nikamuuliza, kama gesi haikuwepo, mume wangu aliuawa na nini? Alinijibu wazi, nami namshukuru hadi leo kwa kutonificha. Alisema gesi ya kuwaka ilikuwa kidogo, lakini kulikuwa na hewa nyingine mbaya, na hiyo ya kuua ilikuwa nyingi.

Kisha nikamuuliza swali ambalo nimelibeba miaka yote hii. "Na kama siku ya chai moto ungekataa mbele ya watu wote?"

Alitazama chini. "Mheshimiwa angekasirika. Halafu angeuliza kwa nini. Wangenituma mimi. Ningekuja kukuona ukiosha, Mama, na tungemaliza kabla ya chakula cha mchana."

Sikulia mazishini. Nililia hapo.

Na bado sijafika mwisho wake mbaya. Madam alivuka ua akaenda kwa Baba Kariuki, ambaye naye alioshea dawa ile ile, akamwambia achimbe mfereji mwingine wa kupeleka maji ya dawa shambani, tangi lilishwe mavi safi tu. Alikaa kijijini siku hizo zote, analala kwa mwalimu wa shule, anarudi kuangalia. Na moto wa Baba Kariuki ukawaka. Uliwaka miaka mingi, hadi walipogawa shamba kuwa ploti na kuuza ng'ombe. Unaelewa, mwanangu? Sayansi haikuwa uwongo. Ingekuwa uwongo ningewachukia wote, nikapumzika. Ilikuwa kweli, ng'ambo tu ya ua wangu. Nilipokuwa nikienda kwao, Mama Kariuki alikuwa akizima lile jiko haraka na kuniwashia kuni, ili nisiumie. Siku moja nikamwambia aache. Nikakaa, nikaitazama chai ikichemka kwa moto wa mavi, nikainywa yote. Ilikuwa tamu kama chai nyingine yoyote.

Sasa nije kwako. Jana ulisema kwenye simu kwamba kile kikaushio cha mboga cha jua mtakachoonyesha Thika hakikaushi, kwa sababu ni Julai na mawingu hayatoki. Ukasema, "Tutaweka hita ya stima kwa ndani. Ni ya siku hiyo tu, hakuna mtu atafungua." Hukujua ulikuwa unarudia maneno ya nani.

Hao watakaokuja kutazama ni akina nani? Ni kikundi chetu cha akina mama wa hapa kijijini. Mama Shiku ameshasema akiona mboga zimekauka ataacha biashara yake ya soko achukue mkopo anunue chake. Ataamini kwa sababu ataona kwa macho yake, na kwa sababu wewe ni Gitau wetu. Kisha mboga zitamwozea, naye atadhani kosa ni lake. Hatakuja kukuuliza. Ataona haya. Atakaa nacho peke yake nyuma ya nyumba, anagonga, anasikiliza.

Kwa hiyo nisikilize, mume wangu mdogo. Siku hiyo usitie hita. Simama mbele yao, fungua mlango wa kile kikaushio, waone mboga zimelowa. Waambie leo imekataa, na bado hamjajua mtafanyaje wakati wa baridi. Kisha uliza wao wanaanikaje mboga Julai, na unyamaze usikie. Mkubwa wako atakasirika. Labda watakuhamisha, labda watakufukuza. Rudi hapa, kuna chumba chako, nitakulisha bila kukusimanga. Serikali haikukuajiri uwashe moto wa siku moja. Ilikuajiri ili mambo yanapokataa kuwe na mtu wa kuuliza kwa nini, na mtu wa kurudi tena baada ya hema kukunjwa. Nenda asubuhi wakati mtu anafanya kazi yake, si mchana wakati amevaa aproni uliyompa. Na mtu akikukaribisha nyumbani kwake, usimwachie uwongo wako autunze.

Unaniuliza kila mara kwa nini ule mtungi wa gesi ulioninunulia Krismasi siufichi nyuma ya ukuta kama majirani, kwa nini nimeuweka mlangoni mgeni akajikwaa. Sasa unajua.

Nipe mikono yako. Inama kidogo, wewe ni mrefu kama yeye. Nakutemea mate ya baraka mikononi kama mama yangu alivyonitemea, usifute. Mungu akupe kazi ya kudumu na watu wa kukupenda. Akupe kucheka, kama yule aliyekupa jina. Na siku moto wako utakapokataa kuwaka mbele ya watu, akupe mdomo wa kusema umekataa.